Majivu ya Tanuri la Khavar

Ijumaa, 11 Esfand

Hatukumpata.

Tulianza kupanda kabla ya jua, theluji ikiwa ngumu kama sakafu, ngozi za kutuzuia kuteleza nyuma zikikwaruza chini ya ski, mbao zetu za theluji. Jua lilipogusa ukingo tukawa tumeshafika Korongo Jeusi. Tukajipanga bega kwa bega, kila mmoja na ufito wake wa chuma. Dunga, chomoa, songa. Dunga, chomoa, songa. Mara moja ufito wangu uligusa kitu laini nikapiga yowe, watu wakachimba kufa na kupona, kumbe ni kichaka cha miiba. Karibu na adhuhuri Farhang akasema tushuke, theluji imeanza kulegea na mteremko wa juu unaweza kuporomoka tena.

"Siku ile ungekuwa na akili hiyo," nikamwambia mbele za watu.

Akakunja ufito wake. Farhang ndiye aliyekuwa na mdogo wangu Behrang siku theluji ilipoporomoka. Walipanda wawili, akarudi yeye.

Kile kifaa cha kuvaa kifuani, kinachotoa ishara mtu akifukiwa, kiko hapa jikoni, kimening'inia kwenye msumari karibu na kitunguu saumu. Behrang alikuwa akikivaa kwenye milima ya watu wengine tu. Mama akimkumbusha, anajibu, "Shirkuh ni mlima wa nyumbani, Mama. Mtu anavaa kofia ya chuma kwenda chooni?" Tukawa tunacheka, Mama na mimi.

Jumamosi, 12 Esfand

Nimemkuta Mama alfajiri amelala uani, juu ya saruji, chini ya mkomamanga, na gauni lake jepesi la ndani. Nimekuja mbio na blanketi, akalisukuma kwa mguu.

"Mwanangu hana blanketi," akasema. "Mimi nalitaka la nini?"

Jumatatu, 14 Esfand

Kazini. Nimekanda, nimekata, nimefunga maboksi. Nairuzi inakaribia na mji mzima wa Taft unataka vitu vitamu. Hakuna aliyeniuliza neno, na nawashukuru.

Ijumaa, 18 Esfand

Watu wa uokoaji wameondoa mbwa. Mkubwa wao, mwanamume mpole mwenye midomo iliyopasuka kwa baridi, aliniita kando.

"Dada Homeyra, nisikudanganye. Humo mmejaa theluji kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, na imeshikana kama zege. Fito zetu hazifiki hata nusu. Korongo litafunguka lenyewe mwezi wa Tir."

"Tir? Kiangazi?"

"Kiangazi."

Nikamwambia mama yangu hatafika Tir. Akatazama viatu vyake. Watu wote siku hizi wanatazama viatu vyao nikisema nao.

Jumatano, 23 Esfand

Mvua huku chini, theluji mpya juu. Kila nikisikia mvua kwenye bati natukana.

Nairuzi, 1 Farvardin

Mama ameandika meza ya mwaka mpya kama kawaida: tufaha, siki, kitunguu saumu, ngano aliyoichipuza mwenyewe kwenye sahani ya bluu. Watu watatu, viti vitatu. Kwenye kiti cha Behrang ameweka soksi zake za sufu, zimekunjwa.

Shangazi Mahlagha akaja amevaa nyeusi tupu. Mama alimsimamisha mlangoni.

"Nani amekufa?"

"Tuba, wifi yangu, kwa Mungu hebu…"

"Nimekuuliza nani amekufa. Kama unaye maiti nionyeshe. Kama huna, nenda kavae nguo za watu, leo ni sikukuu."

Shangazi akarudi na keki yake mkononi. Baadaye Mama akanifuata jikoni, pumzi inamkata, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Najua wanavyokunong'oneza huko kazini. Siku utakayokaanga unga wa halua humu ndani, mimi si mama yako."

Kwetu nyumba ikitoa harufu ya unga unaogeuka rangi ndani ya samli, na zafarani, na maji ya waridi, mtaa mzima unajua mtu amefariki na watu wanavaa viatu waje. Mimi nimepika halua ya wafu wa nusu ya mji huu. Ya ndugu yangu siruhusiwi. Hakuna hitima, hakuna kuhesabu kuelekea arobaini, hakuna kaburi la kwenda kulia Alhamisi. Kuna kiti chenye soksi. Nina hasira na Mama na nina hasira na mlima, na hasira zaidi ninayo na Behrang, ambaye hata kufa alikufa ovyo.

Ijumaa, 10 Farvardin

Wiki hii tulipanda wawili tu, Farhang na mimi. Wenzetu wako kwenye likizo ya sikukuu. Tulipofika kijiji cha Banestan, ambako njia ya kupandia inaanzia, tukakuta wanaume wanakata vichaka vya miiba na kuvifunga mizigo, punda wamesimama wamesinzia. Nikauliza ni vya nini.

"Vya theluji," akasema Mashdi Yadollah, ambaye ndiye anayegawa maji ya kijiji, saa hizi kwa shamba hili, saa zile kwa lile. "Kila mwaka tunalifunika Korongo Jeusi, miiba kwanza kisha majani makavu, lisiyeyuke upesi. Hapo ndipo tunapokunywa kiangazi, binti. Miaka mitatu mikomamanga imekufa kwa kiu. Mwaka huu Mungu ametupa theluji, hatuichezei."

Nikamsogelea.

"Ndugu yangu yumo humo."

"Najua yumo. Tunamwombea."

"Mnamwombea huku mnamfunika! Ikikaa hadi Mordad, mwezi baada ya Tir, je? Mama yangu anakufa, Mashdi. Analala kwenye saruji."

"Na sisi tuna watoto na miti." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniudhi. "Ndugu yako amekwisha tulia. Miti bado."

Ningempiga. Farhang alinivuta kwa mkoba. Tulipanda hadi mgongoni mwa mlima. Kutoka pale unaona jangwa lote hadi Yazd na zaidi, kahawia na nyeupe, hakuna hata kivuli, na wewe umesimama kwenye baridi inayokata masikio. Upepo wa usiku ulikuwa umeleta vumbi la huko chini. Mahali vumbi lilipotua, theluji ilikuwa imezama viganja viwili zaidi kuliko pale palipo peupe. Nimeliona hilo: rangi inavuta jua na kuyeyusha. Nimeliona na sikusema.

Tulishuka theluji ikiwa imelegea kidogo tu juu, ile ambayo Behrang alikuwa akiita siagi. Ski zilikata vizuri. Kwa kona tano au sita nilisahau, nikafurahia. Nikafika chini nikajitemea mate kifuani kwa aibu.

13 Farvardin

Siku ya watu wote kutoka nje na kutupa ngano ya sikukuu kwenye maji. Mama amekataa kuitupa. Inaoza kwenye sahani.

Jumanne, 14 Farvardin

Mama ana homa. Kikohozi kinachotoka tumboni.

Jumatano, 15 Farvardin

Daktari alikuja nyumbani. Ni mapafu, yote mawili. Akamchoma sindano, akaandika dawa, akaniambia jambo moja: apate joto, saa zote, la sivyo dawa ni bure. Akataka apelekwe hospitali, Mama akashika mguu wa kitanda ambacho mwezi mzima sijamwona amekilalia.

Nikamlaza kwenye zulia la ukumbini kwa nguvu, mimi na jirani. Nikamfunika. Akajifunua. Nikamfunika. Akajifunua. Nikalia, nikapiga magoti, nikambusu nyayo, nikamwambia Mama, mimi pia ni mtoto wako, mimi niko hai, niangalie.

Akaniangalia kweli. Akanipangusa uso na kidole chake gumba kama nilipokuwa mdogo.

"Homeyra wangu," akasema, "mfunike yeye kwanza. Ukimfunika yeye, nami nitajifunika."

Basi ni hivyo. Ni mpaka apatikane, aoshwe, avishwe sanda, awekwe chini ya udongo mzuri wa Taft. Na korongo linataka kungoja kiangazi.

Ijumaa, 17 Farvardin

Naandika mikono ikiwa imepasuka, lakini nitaandika yote.

Jana jioni nilikwenda Banestan kwa mke wa Mashdi Yadollah, Khavar, ambaye tanuri lake linapikia mkate kijiji kizima. Nyuma ya tanuri ana lundo la majivu tangu enzi za mkwewe. Nikamwambia nataka majivu ya kurutubishia mawaridi yangu.

"Kiasi gani?"

"Magunia saba hivi."

Akanitazama huku amebeba ubao wa kukandia. Ana jicho moja lenye ukungu, na hilo zima linatosha kwa mawili.

"Mawaridi yako yanakula vizuri," akasema. Akanipa koleo.

Farhang nilimpigia simu kwa sababu sikuwa na mwingine. Nilitegemea anikatalie, nipate sababu nyingine ya kumchukia. Akaja na gari la shemeji yake na mikoba miwili mikubwa. Tulipanda gizani, tukashusha majivu, tukateremka kuchukua mengine, tukapanda tena. Theluji iliposhika baridi ilikuwa nzuri kwa ski, lakini mzigo ule ulikuwa unavuta mabega chini, na majivu yaliingia kinywani, puani, ndani ya jicho. Safari ya tatu nilikaa chini nikasema siwezi. Yeye akachukua mkoba wangu akauweka juu ya wake.

"Unafanya haya kwa ajili ya nani?" nikamuuliza. "Ili ulale vizuri?"

"Silali."

"Basi sema. Siku ile ilikuwaje? Hujawahi kusema."

Alisimama, ameegemea fimbo, anahema.

"Tulichelewa kileleni. Alikuwa amebeba chai na mkate wa Mama yako, akasema tukae tule, jangwa linaonekana vizuri leo. Nikamwambia jua limepanda. Akasema dakika kumi tu, acha uzee. Nikakaa. Chai ilikuwa nzuri, Homeyra. Nikamwacha ashuke kwanza kwa sababu yeye ndiye hodari zaidi." Akavua glavu ya kulia. Vidole viwili havikuwa na kucha, ngozi mpya ya waridi ilikuwa inaota. "Nilichimba mpaka usiku. Hukuniuliza, nami sikuona kama ni jambo la kusema."

Nilimvalisha glavu yake kwa sababu upepo ulikuwa mkali.

Tulimwaga pale Farhang alipomwona mara ya mwisho, chini ya jiwe jekundu. Nilimwaga kwa koleo, nikamwaga kwa mikono, gunia juu ya gunia, mpaka hapakuwa na nyeupe hata kidogo, mpaka mguu unazama hadi kwenye vifundo. Farhang akasema labda inatosha, tutandaze iwe pana zaidi. Nikamwambia hapana, hapa, yote hapa. Nilitaka jua lichome hapo mpaka mwamba.

Jumapili, 19 Farvardin

Mashdi Yadollah amekuja nyumbani. Alianza kupiga kelele kabla mlango haujafunguliwa.

"Mwizi! Umetuibia maji yetu! Majivu ya nyumba yangu mwenyewe, umekwenda kunichomea theluji yangu! Watu watakunywa nini mwezi wa Mordad, machozi yako?"

"Wanywe chochote!" nikamjibu. "Wamnywe ndugu yangu, si ndicho mnachofanya?"

Nilisema hivyo. Nilimwona anapauka usoni. Halafu akatazama nyuma yangu, akamwona Mama kwenye zulia, mabega wazi, kifua kinapanda na kushuka kama cha ndege. Akavua kofia.

"Salaam, Bi Tuba."

"Karibu, mgeni," Mama akasema kwa sauti isiyo na hewa. "Homeyra, mpe chai. Unatoka mlimani? Umemwona mwanangu?"

Mashdi Yadollah aliinywa chai yote akiwa amesimama. Mlangoni akaniambia, bila kunitazama, kwamba wataifunika sehemu ya chini peke yake. Ile niliyoiharibu hawataigusa, ni yangu, niibebe mwenyewe siku ya hukumu.

Jumanne, 21 Farvardin

Jua kali. Asante.

Jumatano, 29 Farvardin

Mama alizimia, tukampeleka hospitali Yazd. Amewekewa hewa. Wauguzi wanamfunga blanketi chini ya godoro, naye akipata nguvu anatoa mguu nje, halafu mkono, polepole, mpaka awe nje yote. Siwezi kupanda. Farhang anapanda peke yake Ijumaa na kunipigia.

"Je?"

"Bado."

Ijumaa, 31 Farvardin

"Bado."

Ijumaa, 7 Ordibehesht

"Bado." Nikamuuliza imezama kiasi gani, mbona jua linawaka hivi, mbona huku Yazd watu wameshawasha feni. Akasema mtandao mbaya, hanisikii. Ananisikia vizuri sana.

Jumanne, 11 Ordibehesht

Daktari wa hospitali amesema tumrudishe nyumbani. Najua maana yake wanaposema hivyo kwa upole. Nimemrudisha. Hali chochote isipokuwa chai vijiko viwili.

Ijumaa, 14 Ordibehesht

Nilimwacha Mama na Shangazi Mahlagha, ambaye alikuja na gauni la maua ili aruhusiwe kuingia. Nikapanda na Farhang. Ski tulizibeba begani sehemu kubwa ya njia, kumebaki mawe na maua madogo ya manjano. Theluji inaanzia kwenye mdomo wa korongo tu. Tulipofika kwenye jiwe la kwanza Farhang akasimama mbele yangu.

"Homeyra. Nilitakiwa kukuambia."

Nikampita.

Korongo lote lililokuwa wazi limeshuka. Jiwe jekundu, ambalo nilikuwa nakanyaga kichwa chake, sasa linanifika kifuani. Theluji ya pande zote imezama, ina mashimo, maji yanakimbia chini yake kwa sauti. Na katikati, peke yake, pamesimama meza nyeusi, nayo imenifika kifuani, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Majivu yangu. Chini ya majivu theluji imekaa vilevile tulivyoiacha, haijapungua hata kidole.

Nilielewa pale pale. Unga ukinyunyizwa kidogo unaungua. Ukimwagwa mwingi, wa chini unabaki mbichi. Nafanya kazi jikoni miaka yote hii. Vumbi la jangwa lilikuwa kidogo, likayeyusha. Mimi nimerundika. Nimechukua majivu ya kijiji kizima na nimemfungia ndugu yangu ndani, mahali pale pale, ili awe wa mwisho kutoka katika mlima wote.

Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikaanza kukwangua kwa mikono. Farhang akaja akakwangua pembeni yangu, na kucha zake zile.

Sauti ikasema, "Mwacheni."

Ni Mashdi Yadollah, na nyuma yake Khavar, amebeba mkate kwenye kitambaa, anahema vibaya.

"Njoo ucheke," nikamwambia. "Maji yako yako salama. Nimekutunzia."

"Sina kicheko," akasema. "Mimi nilikuja kukutukana nyumbani kwako, nikiamini kesho yake litakuwa shimo. Nimefunika theluji maisha yangu yote na sikufikiri."

"Mimi nilijua ni ya huku," Khavar akasema, akikaa juu ya mkoba wangu bila kuombwa. "Waridi gani la Taft linakula magunia saba? Nikasema, mpe, mama ni mama. Hilo la kuyeyuka au kutoyeyuka, Mungu ndiye ajuaye." Akaumega mkate. Akaitazama ile meza nyeusi muda mrefu kwa jicho lake moja. "Kuleni. Mbona mnakwangua? Baridi yote hii, jua lote hili, upepo. Wewe peke yako umemfunika mtoto wa watu blanketi, halafu unataka kulivuta?"

Nilikaa kwenye theluji na mkate mkononi.

Jumamosi, 15 Ordibehesht

Nilifika usiku, nikangoja kupambazuke. Mama alikuwa macho. Macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa.

"Umemwona?"

Nilikuwa nimekwisha panga uongo njiani. Sikuusema.

"Sijamwona, Mama. Yuko mahali pale pale. Hatatoka mpaka kiangazi." Nikapumua. "Lakini nimemfunika."

Aligeuza kichwa.

"Na nini?"

"Majivu. Ya tanuri la mkate, kule Banestan. Magunia saba. Nilipanda na Farhang tukamwaga juu yake, mazito, mpaka hapa. Jua halimgusi, Mama. Upepo haumgusi. Kila kitu kimeyeyuka pale isipokuwa alipolala yeye."

"Ya tanuri la mkate?"

"Ndiyo."

"Yalikuwa na moto bado?"

Nikasema, "Yalikuwa na uvuguvugu." Huo ni uongo pekee niliousema, na nitaujibu.

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha mkono wake ukaanza kutambaa juu ya zulia, unapapasa, ukalipata blanketi pale ninapoliweka kila siku bure. Hakuweza kulivuta. Akanitazama. Nikalivuta mimi, mpaka kidevuni, nikalikunja chini ya nyayo zake ambazo zilikuwa za barafu, na hakusukuma.

Shangazi Mahlagha akatoka ukumbini amejiziba mdomo.

"Homeyra," Mama akasema.

"Naam, Mama."

"Zafarani iko kwenye kopo la nyuma. Kaanga unga."

Nimekaanga. Nimesimama juu ya sufuria nikikoroga, samli ikichemka, unga ukigeuka rangi taratibu, mkono unauma na siuachi maana ukiuacha unaungua. Dirisha lilikuwa wazi. Kabla sijamimina maji ya waridi nikasikia lango la jirani linafunguliwa, na la pili yake, na viatu vya watu vinakuja kichochoroni.